Kiti Alichonyimwa Gaston

Kambi nzima ya Shituru ilijua ugonjwa wa Mama Orpha: viti. Mgeni hakumaliza kupiga hodi kabla kiti hakijafika nyuma yake. Awe mlevi, awe mbea, ni mamoja. "Muntu anasimama kama muti?" husema. "Ikala kwanza."

Mwaka ule mabomba yalipokauka, kisima alichochimba marehemu mume wake, Damas, nyuma ya jiko, kikawanywesha majirani wote. Kila mtu alikuja na kamba na ndoo yake. Bure.

Ndipo Gaston, mwenye maduka, akatuma salamu: wezi wamezidi, Jumamosi ataleta mlinzi akichunge kisima. Haombi kitu, ila kiti kimoja tu cha huyo mlinzi.

Clémentine, jirani wa Orpha, akashangilia. "Itika, Mama Orpha! Kiti kimoya tu, iko nini?"

Orpha akaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Damas alikuwa mwalimu wa historia. Masomo yake aliyajaribia hapo jikoni, mchi ukilia. Moja lilimchoma Orpha hadi leo.

"Sikia, Clémentine. Madagaska ilikuwa na malkia yake, na baaskari yake. Bafaransa bakapigana naye, kisha bakaleta mukataba: weye bakia malkia, shiye tunaomba muntu wetu mumoya aikale mu muji, atasema na bageni pa nafasi yako. Akaitika. Nyuma, ule muntu mumoya akazaa jeshi. Bakapanda mulima, muzinga ikapiga nyumba ya malkia. Wa mwisho kutoka ni yeye mwenyewe. Balimupeleka ng'ambo, akafia Aljeri."

"Sasa Gaston njo Bafaransa?"

"Mulinzi yake njo ule muntu mumoya: akiikala, kisima inakuwa ya Gaston."

Jumamosi Gaston akafika, mlinzi nyuma yake na kirungu. Wanawake wa foleni walikuwa wamekaa, Orpha katikati yao. Gaston akasalimu, akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau kofia.

"Mama, leo kiti haiko?"

Miguu ya Orpha ikamsaliti. Mazoea ya maisha yote yalimwinua, mkono tayari umeshika mgongo wa kiti. Akauona mkono wake. Akarudi kukaa, kwa kishindo.

"Kiti iko, patron. Ya kukupa weye, hapana."

Tusi kama hilo Shituru halijapata kusikika; hata mchawi hupewa kiti.

"Utajuta. Bezi bakikuya, utaniita."

"Bakikuya, batatukuta shiye. Ao miguu yako inauma? Kwako hakuna viti?"

Mtu mmoja akapasuka kicheko, kisha wote. Clémentine akaitupa ndoo yake kisimani, pwaa! Gaston akageuka, viatu vyake vizuri vikizama matopeni.

Mlinzi akabaki nyuma, midomo imemkauka. "Mama, maji kidogo?"

Orpha akamchotea kikombe mwenyewe, kikajaa hadi kumwagika. Mlinzi akanywa chote. Akiwa amesimama.