Meko Mawili Chini ya Kilima cha Sagalla

Timotheo Mwadime wa Sagalla alikuwa mwashi wa mawe, na kazi yake ilikuwa safi mno: katikati ya jiwe na jiwe hungeweza kupitisha hata kisu. Ndiyo sababu mwaka 1953 Bwana Delmas, Mfaransa aliyesimamia mashine katika shamba moja la mkonge, alimwita yeye.

Delmas alikuwa amenunua nyumba kubwa ya zamani ya mawe chini ya kilima, paa lake limeanguka. Alimwonyesha Timotheo picha ya nyumba ya babu yake huko mashambani Ufaransa.

"Ifanane na hii," alisema. "Kila kitu."

Timotheo aliitazama picha kwa makini. "Paa limeinama sana hivi kwa nini, Bwana?"

"Theluji iteleze."

Theluji Timotheo aliijua. Aliiona juu ya Kilimanjaro asubuhi zisizo na mawingu. Akatazama mbingu ya Voi, ambayo haikuwa imetoa tone tangu Mei, akasema, "Sawa, Bwana."

Kazi ilichukua miaka miwili. Aliweka vigae kutoka Mombasa, madirisha membamba ya kuzuia upepo ambao haukuwahi kuja, stoo ya chini ya ardhi ya kuwekea mvinyo, na meko mawili ya ukutani, kila moja na dohani lake la kutolea moshi. Madohani hayo aliyajenga kwa upendo. Ilipokwisha, Madamu, mkewe Delmas, alifika kutoka Ufaransa. Alikaa wiki kumi na moja, akarudi kwao na vipele vya joto mwili mzima. Wakati huo wote meko yaliwashwa mara moja tu, apigwe picha.

Mwaka 1957 Delmas alihamishiwa Tanga, akatangaza nyumba kwenye gazeti. Timotheo aliachiwa funguo na karatasi ya maneno ya kuwaambia wanunuzi: kuta nene, mandhari nzuri, utulivu. Juu ya maji alikatazwa kusema lolote.

Wa kwanza walikuwa Mwingereza na mkewe.

"Na haya meko ni ya nini?" mama aliuliza, akijipepea kwa kofia.

"Ya baridi, Memsahib."

"Baridi gani?"

Karatasi haikuwa na jibu, na Timotheo hakuwa mtu wa uongo. "Ya Ufaransa," alisema.

Wakauliza maji. Timotheo akasifu mandhari. Lakini kwenye mandhari hiyo hiyo walionekana wanawake wakipanda kilima na madebe ya maji kichwani, na Mwingereza hakuwa kipofu. Waliofuata nao wakaondoka vivyo hivyo. Mmoja tu alisifu kazi ya mawe, na huyo alikuwa amepotea njia akienda Taveta.

Baadaye akaja Mwinyihaji, mwenye duka Voi, aliyekuwa akinunua viazi na vitunguu vya milimani. Timotheo alikunjua karatasi.

"Iweke hiyo, fundi," Mwinyihaji alisema kwa upole. "Nionyeshe chini."

Waliteremka stooni. Mwinyihaji aliweka kiganja ukutani. Dukani kwake viazi vilioza kabla ya wiki kwisha, na hapa ukuta ulikuwa baridi kama mtungi. Walipotoka nje aliinua macho paani.

"Mvua ikinyesha, maji ya paa kubwa hivi huenda wapi?"

"Humwagika tu, Bwana Mwinyihaji."

"Kwani hukumjengea tangi?"

"Kwenye picha halikuwamo."

Mwinyihaji alicheka hadi akashika ukuta. Mwezi uliofuata nyumba ikawa yake, kwa bei ambayo Delmas aliiita matusi kabla ya kuikubali. Timotheo akajenga tangi la mawe na mifereji ya mabati. Mvua za Novemba zikalijaza, na mkewe Mwinyihaji, Bi Saadiya, akawaruhusu wanawake wa Sagalla kuteka.

Sifa zikasambaa. Timotheo akaitwa kujenga matangi Kaloleni, akaitwa Mwanda, akaitwa kwa watu asiowajua. Kila alipopita nyumbani mkewe Penina alimkumbusha kwamba yeye bado anabeba debe.

"Mwezi ujao, Mama Milka," alijibu. Miezi ikapita kumi na minne.

Jumamosi moja alirudi kutoka Mwanda akamkuta fundi mwingine, Samuel, uani mwake, akipanga mawe. Msingi wa tangi ulikuwa umeshazunguka. Timotheo aliweka mfuko chini, akauzunguka mara mbili akiinama.

"Viungo vimeachana," alisema. "Hapa hata mjusi ataingia."

Samuel alimtazama Penina. Penina hakuacha kuchambua mbaazi zake.

"Basi shika mwiko," alisema, "au unyamaze, mwenzako afanye kazi."

Timotheo akavua koti.