Chupa Kubwa Nilizompelekea Dada Nyangeta

Iko siku moja ya mkutano wa mtaa pale Nyasho, Musoma, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Siku hiyo nilishangiliwa. Ndiyo maana naona haya.

Juzi niliwasikia wewe na wenzako mkibishana kama serikali ina haki ya kuweka kikomo cha ukubwa wa chupa za soda, kwa sababu ya unene na maradhi yanayoufuata. Ulisema kwa ukali kwamba mtu mzima hapimiwi cha kunywa. Maneno hayo yalikuwa yangu kabla hujazaliwa.

Mimi nililelewa Butiama na dada yangu Nyangeta, baada ya mama kufariki. Miaka ile ya shida, nilipokuwa sekondari Musoma mjini, sukari ilikuwa ya kugawiwa. Balozi wa nyumba kumi alipimia kila kaya kwa kikombe, na mara nyingi hata hicho kikombe hakikupatikana. Dada alifunga fungu lake kwenye kitambaa, akanipa niende nalo shuleni, yeye akanywa uji wa ukwaju mtupu. Ukimuuliza alisema, "Mimi sukari inanipaga kiungulia." Mjinga mimi nikaamini. Nilipokuja kuujua ukweli nilikuwa mtu mzima, nikaapa kwamba sukari ikirudi madukani, dada yangu hataikosa tena.

Ikarudi. Biashara zilipofunguliwa nilianzisha duka Nyasho, na kila Jumamosi nikapanda gari kwenda Butiama na soda za dada. Mwanzoni zilikuwa chupa ndogo za kioo. Zilipoingia zile kubwa za plastiki nilifurahi kama mtoto. Dada alikuwa amenenepa, nasi tuliowahi kuhesabu mbavu za wazazi wetu, unene tuliuita afya.

"Dada, sasa unafanana na mke wa tajiri wa mabasi!"

"Nyamaza wewe, magauni yote yamenikataa."

Ndipo bwana afya, kijana mpole aliyekuwa akizunguka mitaani kwa baiskeli, akaja kwenye mkutano wetu. Alitaka tuiombe halmashauri itunge sheria ndogo, maduka yauze soda za chupa ndogo tu. Alieleza kwamba mtu humaliza kilichofunguliwa mbele yake. Chupa ikikua, naye huzidisha bila kujua. Wenye maduka wakanigeukia, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma. Nikasimama.

"Bwana afya, ulikuwa na umri gani sisi tulipopanga foleni ya sukari?"

"Nilikuwa mdogo, mzee."

"Basi hujui. Tumepimiwa sukari, tumepimiwa sabuni, tumepimiwa hadi kitambaa cha suruali. Leo tumepumua kidogo, na koo nalo mnataka kutupimia?"

Watu wakaangua kicheko na makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. "Mwacheni mtoto wa watu, atalia!" akapaza sauti mtu wa nyuma. Kijana akakunja karatasi yake, akasema ahsanteni, akachukua baiskeli. Hoja ikafia pale.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Butiama na chupa mbili kubwa, nikiwa na hamu ya kusimulia. Dada alikuwa ameketi kitandani, miguu ameifunika kitenge kama alivyokuwa akifanya siku za karibuni. Harufu ndiyo iliyoniambia. Nikafunua. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe, kidogo tu, na kidonda kilikuwa kimekataa kufunga.

"Nesi wa zahanati alisemaje?"

"Kisukari. Alisema soda niache kabisa."

"Lini?"

"Kabla ya mavuno."

"Na hizi ninazoleta?"

"Nakunywaga."

"Dada! Kwa nini?"

"Ulitaka nikwambie nini, wewe? Unashuka kwenye gari unacheka, unafungua mwenyewe, unanimiminia. Huku kwetu ukiacha alicholeta ndugu yako, umemsukuma mkono. Zile ndogo nilikuwa namaliza, yanaisha. Hizi kubwa ukiondoka zinabaki nusu. Friji sina, kesho gesi imetoka. Nimwage? Sukari hiyo, mdogo wangu?"

Nikamweleza ya mkutano, kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule kijana alitaka uniletee ndogo," akasema. "Na wewe ukafanya watu wamcheke."

Akakivuta kitenge, akafunika mguu.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari hakuniambia kwamba soda ndizo zilizouleta ugonjwa. Alisema ugonjwa ulikuwapo, ukawa unalishwa, na mimi nilimjua mlishaji. Bwana afya alikuwa amehamishiwa Bunda. Nikamfuata huko kumwomba radhi. Alinipokea vizuri mno, akauliza hali ya dada kabla ya kuuliza yangu. Lakini kwenye mkutano wa Nyasho sikurudi kusema nilikosea. Niliwaonea aibu wenye maduka wenzangu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza.

Ukiniuliza leo, nasema serikali iweke kikomo. Hasira yangu ya foleni ilikuwa ya haki, ila nilimshushia asiyehusika. Enzi zile tulipimiwa kwa sababu hakukuwa na kitu. Kijana huyu alitaka kutupimia kwa sababu kitu kilikuwa kimezidi. Mwenye kiu atanunua chupa mbili na hakuna atakayemkamata, lakini atakuwa ameamua mara mbili. Dada yangu hakuamua hata mara moja. Niliamua mimi, pamoja na waliotengeneza ile chupa.

Hata hivyo sheria haitaingia sebuleni kwako. Humo utakuwa wewe. Kabla hujamkirimu mtu, muulize mwili wake unakubali nini, na akisema hapana, usinune. Na siku ukisimama mbele za watu wakakupigia makofi, jiulize ni nani hayupo pale, naye ndiye atakayeumia kwa maneno yako.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, mwanangu. Akupe ndugu wanaothubutu kukukatalia usoni, nawe akupe sura ambayo hawataogopa kuikatalia. Amina.