Ufunguo wa Kabati la Chakula

Dada yangu ni fundi cherehani, na shingoni huvaa ufunguo kama wenzake wanavyovaa mkufu. Ni wa kabati la chakula. Mtaani wanamsema: mama gani huyu anayemfungia mwanawe chakula? Wifi yake naye hakosi neno: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Basi aje yeye amlee, hata wiki moja tu!

Kila gauni la shule analomshonea bintiye, dada huacha kitambaa kingi mishononi, maana anajua ataifumua alipanue kabla muhula haujaisha. Daktari alieleza kwamba ubongoni kuna vipokezi vya kupokea habari kuwa chakula kimetosha. Vya mtoto huyu alizaliwa navyo vibovu. Habari hutumwa, lakini haina wa kuipokea. Dada akauliza dawa. Daktari akasema hakuna.

Jana mchana nilikula kwao. Nikasukuma sahani, wali mwingine umebaki. Mtoto, ambaye yake alishailamba ikang'aa, akanitazama kwa huruma.

"Mama mdogo, kushiba kunauma?"

"Hakuumi, mwanangu. Kwa nini unauliza?"

"Mbona kila mtu akishiba anaacha chakula?"

Nilimtazama dada, anijibie. Yeye alichukua sahani yangu, akaifungia kabatini wali ukiwa bado wa moto, na mtoto akahesabiwa kuwa ameshiba.