Kufungua Injini Ziwa Likipanda

Gari yangu ilichemka njiani tukirudi Rumonge, hatujaiacha Kabezi mbali. Mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho ukagoma kushuka, na nyuma ukatoka moshi mweupe kana kwamba tumebeba jiko. Nilisimama, nikateremka ziwani na kidumu, nikamwaga maji kwenye rejeta, nikaendelea. Nikasimama tena. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka nyumbani. Tulipoingia uani mke wangu alisema neno moja tu.

"Imekufa."

Nilifungua kifuniko cha oili nikatia kidole. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, na hayaingii hivi hivi. Yanaingia pale gasketi ya hedi inapoungua. Kwa asiyejua: hedi ni lile pande zito linalofunika injini kwa juu, huku kwetu wengi wanaliita kulasi, na gasketi ni kitu chembamba kinachokaa katikati, kazi yake kuzuia maji, oili na moto visikutane. Kwangu vilikuwa vimekutana.

Gari yenyewe ni nzee. Ni kubwa, ya milango mitano, inavuta kwa magurudumu yote manne, na imenibebea mawese kutoka milimani miaka mingi bila kuniuliza. Ningeweza kuivuta mpaka garaji. Lakini mara ya mwisho nilipoiacha garaji ilirudi bila jeki, na ikiwa na kelele ambayo haikuondoka nayo nyumbani. Nikasema nitaifungua mwenyewe.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, kule Tanzania tulikokimbilia. Mengine nilijifunza nikiwa chini ya lori. Nilikuwa utingo, nikafungua na kufunga injini za watu porini, kwenye matope, dereva amelala. Niliporudi Burundi nilikuja na mikono yangu tu. Leo nina mashine za kukamua mawese, nilijenga nyumba, nikanunua gari. Hakuna aliyenishika mkono, na sikuona sababu ya mtu kuanza kunishika uzeeni.

Shida ilikuwa ziwa.

Kila mtu wa pwani hii anajua kwamba Tanganyika imekuwa ikipanda miaka hii. Inapanda bila haraka. Unalala, unaamka, unaona pale ulipokuwa unaanika dagaa pana maji. Nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na mstari wa michikichi unaoteremka mpaka ufukweni. Mchikichi wa chini kabisa ulikuwa tayari umesimama majini. Nilipokuwa natoa rejeta, maji yaliufikia wa pili. Mke wangu alikuwa ameshapata kiwanja juu ya barabara ya lami, ameshajenga vyumba, na ameshahamisha vitu, vingine vichwani mwa watu, vingine kwenye baiskeli. Magodoro yalipanda. Sufuria zikapanda. Hata mlango wa jikoni aliung'oa ukapanda.

"Kila kitu kiko juu," aliniambia. "Bado wewe na chuma chako."

"Nitakuja na chuma changu."

"Lini?"

"Kikikubali kuwaka."

Nilisema hivyo mbele ya jirani yetu. Tena niliongeza. Nilisema gari itatoka uani kwa nguvu ya injini yake, mimi nikiwa kwenye usukani, na kama haitatoka hivyo basi ziwa liichukue. Jirani yetu ni Mukongomani wa Kivu ya Kusini, mwenye mitumbwi ya uvuvi na vijana wengi wa kuivuta, na akisikia neno, pwani nzima imelisikia. Kesho yake watu nisiowajua walikuwa wananisalimia "Amahoro, muzee," halafu wanaangalia gari kwanza, mimi baadaye.

Kufungua si kazi. Kazi ni kukumbuka kila kitu kilitoka wapi. Nilipanga vipande juu ya mkeka kwa namna vilivyokaa kwenye injini, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, na kuku hawakuruhusiwa uani. Hedi tuliinyanyua wawili, mimi na mke wangu, tukiipitishia kitenge chake cha zamani chini, kama watu wanaobeba mgonjwa. Yeye hakupenda ile kazi, lakini alishika upande wake vizuri na hakuyumba.

Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili, kidonda cheusi ambacho ukucha unaweza kupita. Hedi nayo ilikuwa imepinda kidogo kwa joto. Mafundi wa mjini wana mashine ya kunyoosha. Mimi niling'oa kioo cha dirisha la chumba chetu, nikakilaza juu ya meza, nikabandika msasa juu yake, nikaanza kuisugua hedi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka uso wake wote ukang'aa sawasawa. Kioo hakipindi. Ndiyo maana.

Mke wangu aliingia ndani, akatoka.

"Dirisha langu liko wapi?"

"Hilo hapo mezani."

"Na wezi?"

"Wezi gani? Anayeingia humu sasa ni samaki."

Hakucheka. Alikwenda juu kwenye nyumba mpya akalala huko, na kuanzia siku hiyo alikuwa akishuka asubuhi na chakula na kupanda jioni. Mimi nililala kwenye nyumba ya chini, kwenye mkeka, peke yangu na hedi.

Jirani alikuwa akipita kila asubuhi akitoka ziwani. Anasimama, anaweka mikono nyuma.

"Muzee, hii yako ni gari ao ni mutumbwi?"

"Huoni magurudumu?"

"Minaona. Lakini maji iko inakuya. Kama ni mutumbwi, sema, tuiingize mu maji, tuifungie mashini, twende nayo Kabonga kuvua."

"Nenda ukauze samaki wako wa mikeke."

"Nimeshauza. Sasa niko napumzika, naangalia muzee anavyopika chuma."

Vijana wake walicheka. Niliwaacha wacheke. Maji yalikuwa kwenye mchikichi wa tatu.

Gasketi mpya ililetwa na dereva wa basi dogo kutoka Bujumbura, imefungwa kwenye kartoni. Niliiweka, hedi ikarudi juu yake, zikabaki bolti ndefu zinazoikandamiza. Kuna spana maalumu yenye mshale, inakuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Sina. Nina mkono wangu, na mkono wangu umezungusha mashine ya mawese nusu ya maisha yangu. Mashine zetu ni pipa la chuma lenye matundu, na katikati parafujo kubwa. Unaweka chikichi zilizochemshwa, unazungusha, unasikia kabisa kwenye bega pale mafuta yanapoanza kutoka na pale ambapo ukiongeza kidogo tu kitu kitavunjika. Hilo hufundishwi na mtu.

Na sisi watu wa mawese hatuzungushi parafujo kavu. Parafujo kavu linalia na kula meno yake. Unalipaka mawese, unamimina mengine kwenye tundu linamoingia, ndipo linazunguka laini. Kila anayekamua mawese Rumonge anafanya hivyo. Kwa hiyo nilichukua mawese kwenye kikombe, nikapaka kila bolti, nikamimina kidogo kwenye kila tundu. Nikakaza kuanzia katikati kwenda pembeni kama inavyotakiwa. Zilizunguka laini, halafu zikashika, halafu zikakataa. Bega likaniambia basi. Nikaacha.

Nikamwaga oili chafu, nikatia mpya. Iliwaka mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa anapanda njia na bakuli mkononi, akasimama. Jirani alitoka nyumbani kwake bila shati. Injini ilikuwa inaunguruma kwa utulivu, moshi hakuna, na mimi nilikaa kwenye kiti nikatazama mbele kama mtu ambaye hakutegemea kitu kingine. Nikasema niiache ipate moto kwanza, ndipo niitoe.

Ikapata moto. Mshale ukapanda, ukapita mahali pake, ukaendelea. Moshi mweupe ukarudi. Nikazima. Nilipofungua kifuniko cha oili, nilikuta chai ya maziwa.

Jirani aliingia ndani kwake akavaa shati, na huo ulikuwa uungwana wake.

Siku iliyofuata, mchana, upepo uligeuka ukawa unatoka upande wa Kongo, na mvua nyuma yake. Upepo huo ndio unaosukuma ziwa kuja kwetu. Mawimbi yaliruka ukuta wa nyuma, yakaingia uani, yakazunguka magurudumu ya mbele. Mkeka wangu ulianza kuelea. Nilikuwa nakusanya spana kwenye ndoo wakati jirani alipofika na vijana wake, kamba ya mtumbwi begani.

"Muzee, tufunge wapi?"

"Sijakuita."

"Najua. Tufunge wapi?"

"Nilisema itatoka kwa injini yake."

"Ulisema. Batu bote tulisikia." Alikuwa ananyeshewa, maji yanamtiririka kidevuni. "Sasa sema ingine."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesimama kwenye baraza, miguu ndani ya maji, ameshika kitenge chake mikono miwili. Nilidhani atanigombeza, hata nilikuwa nimeshaandaa jibu. Alisema tu, "Baba, mimi siwezi kupanda kule juu peke yangu kila jioni. Nimechoka kulala na magodoro."

Nilitia ndoo ya spana ndani ya gari.

"Mbele, chini ya bampa," nikamwambia jirani. "Kuna ndoano mbili. Funga zote."

Walifunga. Nikafungua mlango niingie kwenye usukani, yule bwana akanishika mkono.

"Hapana, muzee. Mwenye uzito anavuta. Mwenye wepesi anashika usukani. Hata kwenye mutumbwi iko vile."

"Mke wangu hajui kuendesha."

"Haiendi, muzee. Anaendesha nini?"

Vijana walipiga kelele za kucheka kwenye ile mvua. Mke wangu hakuuliza mtu. Alipanda, akakunja kitenge vizuri chini ya mapaja, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Nilimwonyesha breki ni ipi. Aliniambia anaijua, miaka yote hiyo amekuwa akinitazama miguu.

Nilishika kamba nyuma ya kijana mmoja mwenye mgongo kama mlango. Jirani akaita, wao wakaitikia kama wanavyoitikia wakitoa mtumbwi majini, na mimi nikaitikia nao, maana ukikaa kimya unavuta wakati wenzako wanapumzika. Gari ikagoma. Ikagoma tena. Halafu matope yakaiachia kwa sauti ya kunyonya, ikaja. Tuliipitisha getini, tukaipandisha njia ya mchanga, tukasimama kwenye lami kuacha malori yapite, tukaivusha. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwao walitoka kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Muzee, injini iko wapi?" Nikamjibu, "Imeshika kamba hapo mbele, ni watu kumi na kitu, na inakula ugali." Nilimjibu hivyo kwa sababu nilikuwa sina pumzi ya kumtukana.

Mke wangu hakugonga kitu. Aliingiza gari kwenye kiwanja kipya, akakanyaga breki, akateremka, akamshukuru kila kijana mmoja mmoja, murakoze, murakoze, akaenda kuchemsha chai.

Usiku ule ziwa liliingia ndani ya nyumba ya chini. Sikwenda kutazama.

Niliifungua tena injini siku za baridi baridi baada ya mvua, asubuhi. Bolti ya kwanza ilitoka na kitu chekundu mwishoni mwake, kizito, kama nta. Nikaingiza waya ndani ya tundu, ukatoka umejaa. Mawese. Nilikaa juu ya jiwe.

Tundu la mashine ya kukamua limepita upande wa pili. Mafuta yakizidi yana pa kutokea. Tundu la bolti ya hedi lina mwisho, ni kama chupa. Ukimimina mawese ndani na kukaza bolti juu yake, bolti inafika kwenye mawese inasimama hapo, na mkono unakuambia imekaza. Ilikuwa imekaza kweli, ila ilikuwa inayakandamiza mawese, si hedi. Injini ilipopata moto mawese yakalainika, yakapanda kwenye meno ya bolti, na nguvu yangu yote ikapanda nayo. Bega langu halikunidanganya. Nililiuliza kitu lisichokijua.

Nilifunga kitambaa kwenye waya, nikakichovya kwenye petroli, na petroli siku hizo ilikuwa inapatikana kwa kubembeleza. Nikasafisha kila tundu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Gasketi nyingine ililetwa na dereva yule yule. Aliniuliza kama naila. Nikakaza bolti zikiwa kavu, zikalia kidogo, nikaziacha zilie, nikatia oili mpya tena.

Iliwaka. Nikaiacha ipate moto. Mshale ukapanda, ukafika mahali pake, ukatulia hapo. Nilisubiri. Nikafungua kifuniko, nikatia kidole, oili ilikuwa oili. Nikafunga, nikarudi kwenye kiti, nikakanyaga mafuta, ikajibu vizuri. Jirani alikuja kutoka chini, ambako sasa anafunga mitumbwi yake kwenye nguzo za baraza yangu, akasimama mikono nyuma. Nikakanyaga tena.

Mke wangu alichungulia dirishani. Kule juu tuna kioo.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Naisikiliza."

"Petroli inaisha. Zima," akasema. "Tumeshafika."