Chui Milia na Dubu Mbele ya Bucha

Kila asubuhi, kabla gari la kwanza halijaegeshwa, Onesphore alitoa mfukoni mwa kizibao chake cha njano ukurasa uliochanwa kwenye jarida la Kifaransa. Aliukunjua, akautazama, akaukunja tena. Picha yake ilionyesha theluji ya mashariki ya Urusi na nyayo za aina mbili: za chui milia na za dubu.

Kwao Bukavu, Kongo, alifundisha biolojia. Hapa Durban, mwaka 1998, alilinda magari mbele ya bucha moja la mtaa wa Glenwood, chini ya chumba nilichopanga. Sarafu za wenye magari wa sehemu hiyo ndizo zilizowalisha yeye na mkewe, Julienne.

"Profesa, leo nani kamla mwenzake?" Sultan, Mtanzania aliyelinda ng'ambo ya barabara, alipenda kumchokoza.

"Chui anakula dubu. Lakini hapana dubu mukubwa. Anavizia mudogo, ao jike mwenye kulala mu shimo. Anamuruka kwa nyuma, anamuuma shingo. Hawapigane kama wanaume, Sultan. Ni nyama tu."

"Na yule mkubwa?"

"Mukubwa anafuata nyayo za chui. Anangojea aue, kisha anamunyang'anya."

Walinzi walikuwa na desturi yao: anayeondoka hutundika kizibao chake kwenye nguzo, na sehemu hubaki yake. Mwezi Julai Onesphore alitundika chake, akaenda kupanga foleni ili aongezewe muda wa karatasi za ukimbizi. Foleni ilimla siku mbili. Aliporudi, kizibao kilikuwa mwilini mwa Doudou, jitu la mabega mapana lililokuwa likipakua malori kwenye mtaa wa viwanda wa Clairwood.

"Hiyo iko yangu," Onesphore alisema.

"Jina yako iko wapi juu yake, muzee? Ulienda. Mi nikafika."

"Na karatasi ya chui yenye ilikuwa mu mfuko?"

"Nilipangusa nayo vioo."

Sultan alicheka. Onesphore alivuka barabara, akaketi kwenye ukuta mfupi. Alikaa pale siku tatu, tangu asubuhi hadi bucha lilipofungwa, akimtazama Doudou. Siku ya kwanza Julienne alimletea ugali. Siku ya pili na ya tatu hapakuwa na cha kuleta. Sultan alimwuliza kama siku hizi amekuwa sanamu.

Siku ya nne jua lilichoma. Doudou alivua kizibao, akakitundika kwenye nguzo, akaingia dukani kununua mkate. Alidhani desturi aliyoivunja mwenyewe bado ingemlinda.

Alipotoka, alimkuta Onesphore chini ya nguzo, amevaa kizibao, ameshika kipande cha bomba la chuma kilichozungushiwa gazeti.

"Vua," Doudou alisema.

Onesphore hakumtazama machoni, alimtazama shingoni.

"Eish. Huyu muzee iko mugonjwa," Doudou alisema mwishowe, akaelekea kwenye kituo cha teksi, mkate kwapani.

Nilishuka kutoka chumbani na kikombe cha chai. Bomba lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mwalimu, kama angekusogelea?"

"Ningemupiga nyuma ya shingo," alisema, akapokea chai.