Kasichana Kaliniambia Niinue Ulimi

Mtaani kwetu Laini Saba hakuna mtu anajitolea kunishinda. Juzi nilikuwa nasaidia kugawa tembe za minyoo kwa shule yetu ya nasari, kina mama wakakataa watoto wapewe.

"Ya bure lazima iko na kitu," mama mmoja akasema, akivuta kasichana kake waende nyumbani.

Nikapiga kifua. "Mimi nameza hata mia!" Nikatupa moja mdomoni. Kusema ukweli, hata mimi niliogopa. Nikaificha chini ya ulimi.

Kale kasichana kakanikazia macho. "Anko, inua ulimi."

Kina mama wote wakanigeukia. Nikameza, machozi yakanitoka. Kakakagua mdomo wangu, kakanyoosha mkono. "Haya, nipe yangu." Mama yake akakaachilia, na wengine wakaleta wao.

Kwa kujitolea najulikana mpaka mtaa wa Kawangware, lakini siku hiyo watoto wote walimeza kwa sababu mmoja wao hakuniamini.