Tuliagwa, Tukabaki Ndani

Ushawahi kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe, mlango umefungwa kufuli kwa nje, mtaa mzima unajua umeshapanda ndege?

Mimi nimejificha. Na mume, na watoto wawili.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilipata kazi ya kufundisha nje ya nchi, mkataba mzuri, nyumba ya kuishi na familia, watoto wanasoma hapohapo. Nani angekataa?

Tukajiandaa. Makochi tukauza, vitanda tukagawa. Shuleni nikaagwa kwa keki na hotuba. Mkuu wa shule alinisifia mpaka nikahisi nimekufa.

Jirani yetu Mama Nyanya, mwenye meza ya mboga nje kabisa ya geti letu, alinikumbatia akalia mpaka kilemba kikadondoka.

Kesho yake wakala wa safari akapiga simu.

"Mwalimu, viza yako imetoka. Za familia bado kidogo. Wewe tangulia."

"Sitangulii. Tunaenda wote au siendi."

"Basi subirini, zikitoka nitatuma mtu awaletee paspoti zote nyumbani. Ila shule ikifunguliwa hujafika, nafasi anapewa mwingine."

Nikakaa sakafuni, maana viti havikuwepo.

Nilitaka nitoke niwaambie watu ukweli. Mume wangu akanidaka mkono.

"Uwaambie nini? Keki yao umekula, zawadi umepokea, leo utokee na kandambili kununua nyanya? Tutachekwa mpaka tuzeeke. Tutulie ndani, ni siku chache tu."

Na mimi, msomi mzima, nikakubali. Aibu ni kitu kibaya sana.

Shemeji yangu akatufungia kufuli kwa nje, akaondoka na ufunguo. Kazi yake ikawa kutupenyezea chakula giza likiingia. Simu tukazima, maana simu ya mtu aliye angani haiiti.

Jamani, nyumba tupu ina kelele! Ukikohoa, kuta zinakujibu. Madirisha tulibandika magazeti, joto likawa la kuivisha mkate. Watoto waligombana kwa kunong'ona. Maji ya chooni tulisubiri gari lipite ndipo tumwage.

Tatizo ni kwamba mimi sijui kunong'ona. Sauti yangu imezoea kufika dawati la mwisho. Kila nikifungua mdomo, mume ananiziba kwa kiganja.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "na huko tunakoenda tutakaa hivihivi?"

Nikamvuta nikampakata. Moyo uliniuma sana siku ile.

Siku zikapita. Hakuna aliyebisha hodi. Shule kule zikakaribia kufunguliwa na presha yangu ikapanda nazo. Nikimwambia mume tutoke, anasema sasa ndiyo aibu zaidi, tutasema tulikuwa wapi? Na kweli, kila siku tuliyokaa iliifanya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Asubuhi moja nikasikia pikipiki nje, kisha sauti ya Mama Nyanya.

"Wewe tena? Nimekwambia hawapo! Walishasafiri, nimewaaga mwenyewe kwa machozi."

"Mama, nimetumwa na wakala. Nina paspoti zao. Leo nikiwakosa nazirudisha, na sirudi tena hapa."

"Zirudishe! Kwaheri!"

Pikipiki ikawaka.

Nikaruka nikasimama. Mlango una kufuli, dirisha lina nondo. Nikamtazama mume wangu. Safari hii hakuniziba mdomo.

Nikararua gazeti dirishani, nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti.

"WEWE WA PIKIPIKI! SIMAMA HAPO HAPO!"

Mtaa mzima ulisimama, hata waliokuwa wanapita zao. Jamaa wa pikipiki, mtu mzima na ndevu zake, alizima injini akanyoosha mkono juu kama anaomba ruhusa ya kutoka darasani.

Watu wakajaa. Kufuli likavunjwa kwa nyundo. Tukatoka tumefinya macho kwa jua, nami nikaenda moja kwa moja kwa Mama Nyanya.

"Nisamehe mama. Tulikuwa ndani."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Sauti hiyo yako, mwanangu, unadhani ukuta unaizuia? Nikasema mtu hajifungii na watoto bila jambo, lazima kuna mtu mbaya anamkimbia. Basi kila aliyewaulizia nikamtimua kabla hajafika getini. Huyu na paspoti zake nilijua ni mtego. Leo nimemfukuza mara ya tatu."

Mara ya tatu!

Kumbe safari yetu ilikuwa inakuja mpaka kwenye meza ya nyanya, inarudishwa na mtu anayetupenda, akitulindia uongo wetu wenyewe.

"Ungeniambia tu, Mwalimu," akasema taratibu. "Viza kuchelewa nayo ni aibu ya kunificha mimi?"

Nikalia palepale, na kandambili zangu, mbele ya mtaa mzima. Hakuna aliyecheka.

Shule tuliiwahi, kwa bahati tu. Siku ya kuondoka nilimkumbatia tena Mama Nyanya, nikasubiri alie. Akanisukuma kidogo.

"Nendeni bwana. Machozi yenu mlishayatumia."

Ndugu yangu unayesoma hii, mipango hukwama kwa kila mtu. Ukiagwa halafu safari ikagoma, usijifungie. Vaa kandambili zako, toka nje, nenda kanunue nyanya.